Jibu: Mabilioni ya TB, malaria na ukimwi yanaishia wapi na dispensari haina hata panadol?

Assalam aleikum wanajukwaa. Nimeusoma uzi huu toka juu mpaka chini, na mwenzetu wa Malindi aliyeuanzisha kauliza swali la maana, kwamba kila siku tunasikia Global Fund, ule mfuko wa kimataifa wa wafadhili, imetoa mabilioni, Marekani imetoa mabilioni, halafu mamake anakwenda dispensari anaambiwa panadol hakuna akanunue dukani. Wengi mmemjibu "zimeliwa" mkamaliza. Zinaliwa, hapo sibishi, ila mie hii kazi nimeifanya huku Lamu, kwanza nikiwa CHP, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa mtaa halafu nikachukuliwa na projekti moja ya TB na ukimwi kuwafuata wagonjwa walioacha dawa huko visiwani, na nilivyoona mie pesa nyingi haiibiwi, inakwama. Inakwama pale padogo padogo ambapo hakuna mfadhili anataka kupalipia.

Tuanze na panadol. Global Fund iliundwa 2002 kwa magonjwa matatu tu, ukimwi, TB na malaria. Kwa hivyo pesa yake inanunua ARV (dawa za ukimwi), dawa za TB, dawa za malaria, neti na vipimo. Panadol, glavu, pamba, stima ya dispensari, hayo ni ya kaunti tangu afya igatuliwe 2013. Ndo maana unaweza kuingia dispensari ukakuta dozi za TB zimepangwa vizuri kabatini na nesi hana glavu ya kukushikia kidonda. Mamako hakudanganywa kaka, amekuja na homa ambayo haina mfadhili.

Sasa la pili, na hili ndo langu hasa. Watu wanadhani ghali ni dawa. Ilikuwa hivo zamani, mwaka 2000 ARV za mtu mmoja kwa mwaka zilikuwa zaidi ya dola 10,000, halafu 2001 Cipla ya India ikaja na bei ya dola 350 dunia ikashtuka, na siku hizi kile kidonge kimoja cha kila siku Global Fund inakipata chini ya dola 45 kwa mwaka mzima. Dawa imeshuka bei mpaka basi. Kisichoshuka ni petroli ya boti.

Hebu nikupe mfano wa makohozi, samahani kama unakula. Mtu wa Kizingitini, huko kisiwa cha Pate, amekohoa wiki kadhaa, amekonda, usiku anatoka jasho. CHP anampa kikopo, anatema asubuhi kabla hajala, unakifunga barabara, unakitia kwenye mfuko halafu kwenye kulbox na barafu. Mashine ya GeneXpert, ile ya kupima TB kwenye makohozi, wakati wetu ilikuwa Lamu mjini. Mashine imelipiwa na mfadhili. Katriji, ile ya kupimia, imelipiwa pia, na mwaka 2023 kampuni inayoitengeneza ilibanwa mpaka ikaishusha kutoka dola 9.98 hadi 7.97, watu duniani walipigania hizo dola mbili miaka. Haya, boti nani analipia? Hakuna. Kwenye bajeti ya projekti kuna "usafiri wa sampuli", lakini aliyeiandika alikuwa na akili ya pikipiki, kwake kutoka kituo hadi hospitali ni lami. Huku unangoja boti ya abiria, boti nayo inangoja maji yajae ndo ipite mlango wa bahari wa Mkanda, na kusi ikichacha hakuna nahodha atakayekusikiza. Kulbox inakaa kwa mtu, barafu inayeyuka, siku zinapita. Majibu yakirudi kwamba ana TB, mwenyewe kashakwenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake, wanalala wote kibanda kimoja. Hapo tena huna mgonjwa mmoja.

Na msidhani ni TB peke yake. Matende na mabusha, yanayoletwa na minyoo, ni ugonjwa wetu sisi wa pwani, wazee wetu wameishi nao mpaka wameona ni kawaida. Dawa zake ni za bure kabisa, kampuni zinazotengeneza albendazole na ivermectin zinazitoa sadaka. Kilifi ugawaji ulianza 2002. Lakini ile dawa haimuui mnyoo mkubwa sawasawa, inaua watoto wake walioko kwenye damu, kwa hivyo lazima watu wameze kila mwaka, miaka mfululizo, mpaka ule mkubwa ufe kwa uzee. Ukiruka miaka unarudi nyuma. Na sisi tuliruka, kuna miaka ugawaji haukufanyika kwa kukosa pesa za kuzigawa, yaani dawa ya bure imeshindwa na nauli! Baadaye 2018 ndo Lamu Mashariki na Jomvu kule Mombasa wakaanzishiwa ile ya dawa tatu kwa pamoja, ambayo haihitaji mizunguko mingi.

Haya, tuje 2025. Ile amri ya Marekani ya Januari ya kusimamisha misaada, sisi ilitufikia kwa ujumbe wa simu kwamba tusiende kazini mpaka tuambiwe. Hatukuambiwa. Dawa hazikuisha siku ile, mnisikize vizuri, watu ndo tulioisha. Kabatini zipo, ila yule dada wa kupiga simu "mbona hujaja kuchukua dawa" hayupo, karani wa kuandika hayupo, mie wa boti sipo. Aliyeacha dawa hakuna wa kumfuata. CHP wamebaki, na CHP analipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti, na hiyo ikija kwa wakati ni bahati. Atoe mfukoni nauli ya kwenda Kiunga kumtafuta mtu?

Kuna mmoja juu huko ameandika "waende tu na pesa zao, tutajitegemea". Roho yako nzuri, ila hesabu hizi hapa. Nchi za Afrika zilikubaliana Abuja 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya hatujafika. Halafu hata hizo za wafadhili zinazotangazwa ni ahadi, si pesa mkononi. Katikati ya 2025 Global Fund ilizikata nchi dola bilioni 1.43 kwenye pesa walizokuwa wamekwisha kupangiwa, kwa sababu waliotoa ahadi hawakuleta. Novemba wakakutana Johannesburg, walitaka bilioni 18, zikaahidiwa 11.34. Desemba Kenya ikasaini na Marekani mkataba wa afya wa miaka mitano, wao mpaka dola bilioni 1.6 na sisi tuongeze dola milioni 850 zetu. Kwa hivyo kujitegemea kumekuja tutake tusitake, cha kubishana ni kama hizo zetu zitafuata ile ile njia ya kununua vinavyoonekana, vya kukatiwa utepe, na boti ikasahaulika tena.

Mie nasema ya boti iwe ya kaunti na iandikwe hivo, kwa jina, "petroli na nahodha wa sampuli". Pesa ndogo. Tena tangu 2023 kuna sheria inayoruhusu hospitali na vituo vya serikali kubaki na makusanyo yao badala ya kuyapeleka yote akaunti ya kaunti, kwa hivyo ile hoja ya "tunangoja Nairobi" imepungua nguvu. Karatasi ya mipango ya bajeti huwa inapelekwa bunge la kaunti mwisho wa Februari, makadirio yenyewe mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo wanaita wananchi kutoa maoni. Nimewahi kukaa kwenye vile vikao, watu wanaomba barabara, ukuta wa bahari, basari. Afya ikitajwa ni "tujengewe dispensari". Majengo tunayo bwana, mengine yamefungwa kufuli.

Na kwa dada aliyeuliza kama babake atalipishwa dawa za TB akienda hospitali ya serikali: dawa zenyewe ni bure, miezi yote sita. Anaweza kudaiwa kadi au eksirei, inategemea anakwenda wapi, aulize kabla. Na nyumba nzima wapimwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano, wasingoje mpaka waanze kukohoa.