Maswali na Majibu: Misamaha ya Kanuni kwa Meli na Mabaharia

Mhandisi mkuu ameacha kazi ghafla baada ya kutofautiana na kampuni. Mhandisi wa pili ni mzoefu sana. Je, bendera (mamlaka ya nchi ambako meli imesajiliwa) inaweza kumpa kibali cha muda ashike nafasi hiyo hadi tupate mwingine?

Hapana, na swali hili linarudi kila mara kana kwamba jibu litabadilika. Ibara ya VIII ya Mkataba wa STCW, ule wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, inairuhusu mamlaka ya bendera, pale penye ulazima wa kipekee, kumpa baharia aliyetajwa kibali cha kushika nafasi asiyo na cheti chake, kwenye meli iliyotajwa, kwa muda usiozidi miezi 6. Ibara hiyohiyo inawaweka kando watu wawili: nahodha na mhandisi mkuu. Kwa hao kibali hakitolewi ila kwa tukio lililo nje kabisa ya uwezo wenu, na hata hapo ni kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mhandisi mkuu akifariki au akiugua ghafla katikati ya bahari, hilo linaingia. Ugomvi wa mshahara, likizo iliyocheleweshwa au viza ya mtu wa kumpokea kukwama, haviingii. Hayo ni mambo ya ofisi.

Kabla ya kuandika barua yoyote, fungueni faili la vyeti la huyo mhandisi wa pili. Wapo wengi wanaofanya kazi ya upili huku tayari wana cheti cha mhandisi mkuu. Angalieni kiwango cha nguvu ya injini kilichoandikwa (cheti cha chini ya kilowati 3,000 hakifai kwenye meli yenye injini kubwa zaidi ya hapo), masharti yoyote yaliyopigwa chini yake, na kama uthibitisho wa bendera (hati yake ya kukitambua cheti cha nchi nyingine) unataja cheo hicho. Vikikaa sawa, mpandisheni leo. Hamhitaji kibali.

Hapo nafasi yake ndiyo itakuwa wazi, na hiyo mnaweza kuiombea kibali, kwa sharti kwamba anayepandishwa ana cheti halali cha nafasi iliyo chini yake moja kwa moja. Bendera itataka kujua mmemtafuta wapi mtu mwenye cheti na mkamkosa, na mwenye cheti atapanda lini, bandari gani. Andikeni tarehe. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Kisha jiulizeni nani atashika zamu ya huyo mliyempandisha, kwa sababu kila mtu anayepanda ngazi anaacha shimo chini yake, na kibali hakimleti mtu mpya melini.

Kampuni imetuandikia barua pepe kwamba msamaha "umekubaliwa kimsingi." Tung'oe nanga?

Msamaha usio na hati melini haupo.

Tuko maofisa wawili wa zamu pamoja na nahodha asiyeshika zamu. Tunakaa saa sita kazini, saa sita mapumzikoni. Bendera inaweza kutusamehe masharti ya saa za mapumziko?

Tuanze na hesabu, maana kampuni nyingi hazijawahi kuifanya. STCW inataka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku 7. Saa 10 hizo zigawanywe vipande viwili tu, kipande kimoja kisipungue saa 6 mfululizo, na kusiwe na zaidi ya saa 14 kati ya pumziko moja na lingine. Zamu ya sita kwa sita inakula saa 84 kwa wiki na kuacha 84. Toa 77, zinabaki saa 7. Yaani ofisa wako ana saa moja kwa siku ya kufanya kila kitu kisicho zamu: mazoezi ya moto, kufunga na kufungua kamba, kusimamia shehena, kusahihisha chati, kupokea wakaguzi. Meli inayoingia bandarini mara tatu kwa wiki imeshamaliza saa hizo kabla wiki haijafika katikati.

Sasa ichukueni karatasi ya mapumziko muisome kama mkaguzi. Ofisa anapumzika 0000 hadi 0600 na 1200 hadi 1800. Anaamshwa 0200 kufunga meli gatini, anarudi kulala 0400. Mapumziko yake ya siku sasa ni vipande vitatu: saa 2, saa 2 na saa 6. Jumla ni 10, lakini vipande vitatu havikubaliki isipokuwa kwa unafuu maalumu ambao bendera inaweza kuuruhusu: kipande kimoja kiwe saa 6 au zaidi, vingine visipungue saa moja kila kimoja, na jambo hilo lisitokee zaidi ya mara mbili katika siku 7. Na kile kipande cha saa 6 kinategemea apokewe zamu saa 1200 kamili. Makabidhiano yakichukua dakika kumi, amepumzika saa 5 na dakika 50, na unafuu wote umeanguka. Ndiyo maana karatasi inayoonyesha makabidhiano ya sekunde sifuri kila siku, mwezi mzima, inamwambia mkaguzi jambo moja tu: imeandikwa mezani.

Unafuu wa pili ni kushusha saa 77 za wiki hadi 70, kwa wiki zisizozidi mbili mfululizo, kisha lipite pengo lisilopungua mara mbili ya muda huo kabla ya kurudia. Zaidi ya hapo bendera haina cha kuwapa. Nahodha ana haki ya kusimamisha ratiba ya mapumziko kwa ajili ya usalama wa haraka wa meli, watu au shehena, au kusaidia waliomo hatarini baharini, na baadaye lazima waliofanya kazi walipwe mapumziko yao. Mkodishaji kutaka meli iwahi gati hakuingii humo.

Tarehe 3 Aprili 2010, meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda mwamba kwenye Great Barrier Reef, Australia. Uchunguzi ulionyesha kwamba ofisa wa zamu alikuwa amelala saa mbili na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia, baada ya kusimamia upakiaji. Basi acheni kuomba unafuu, ombeni ofisa wa tatu. Hati ya idadi ya chini ya mabaharia inataja watu ambao bila wao meli haitoki. Haikusema hao ndio wanaotosha kwa biashara yenu, na kanuni ya 14 ya sura ya V ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, inataka meli iwe na watu wa kutosha kweli.

Meli yetu ni ya safari za ndani. Inatakiwa kwenda nchi jirani mara moja tu kwa matengenezo. Lazima tupate vyeti vyote vya SOLAS?

Si lazima. Kanuni ya 4 ya sura ya I inairuhusu bendera kuisamehe meli ambayo kwa kawaida haifanyi safari za kimataifa, lakini kwa mazingira ya kipekee inapaswa kufanya safari moja. Sharti ni kwamba itimize usalama ambao bendera inaona unatosha kwa safari hiyo.

Ombi lisiseme "tunaomba kusamehewa SOLAS." Orodhesheni kanuni moja moja msiyoitimiza, na mbele ya kila moja muandike mtakachoweka badala yake. Redio haifiki masafa ya eneo mtakalopita? Kodini simu ya setilaiti, mpange saa za kuripoti. Boti za uokoaji ni chache? Ongezeni rafti za kuokolea na mpunguze watu wabaki wa kuendesha meli tu. Hali ya hewa? Taja kiwango cha upepo na urefu wa mawimbi ambao mkivikuta mnabaki bandarini, na bandari za kukimbilia njiani. Leteni mkaguzi wa klasi (shirika linalothibitisha ubora wa meli) aipande meli, kisha mjulisheni bima kabla ya kuondoka, kwa sababu bima isiyojua kuhusu msamaha ina sababu nzuri ya kukataa kulipa.

Safari moja ni moja. Kurudi baada ya matengenezo ni safari nyingine, kwa hiyo liombeeni hilo mapema. Na msipakie shehena "kwa kuwa tunaenda huko hata hivyo." Hapo mmeshaifanya kuwa ya biashara, na hoja yote ya mazingira ya kipekee imewaponyoka.

Rada moja imekufa baharini. Tunahitaji msamaha kuingia bandarini?

Hapana. Kanuni ya 16 ya sura ya V ya SOLAS inasema hitilafu ya vifaa hivi haiifanyi meli isifae kusafiri, wala si sababu ya kuichelewesha kwenye bandari isiyo na mafundi kwa urahisi, maadamu nahodha amepanga namna ya kufika salama bandari yenye mafundi. Waarifuni bendera, klasi na bandari mnayokwenda kabla hamjafika. Mkifika kimya, mkaguzi akaigundua mwenyewe, hitilafu ya kawaida inageuka kuwa sababu ya kuzuiliwa. Na bandari yenye fundi mkiipita bila kutengeneza, kanuni hii haiwalindi tena.

Rafti zimepitisha miezi 12 bila kuhudumiwa. Zinaweza kuongezewa muda?

Hadi miezi 17 tangu huduma ya mwisho, pale tu isipowezekana kuzihudumia, na kwa karatasi ya bendera. Si miezi mitano tangu siku mliyokumbuka. Kagueni pia kifaa cha kuachilia rafti kwa mgandamizo wa maji, kwa kuwa nacho kina tarehe yake na husahaulika.

Lazima tuwe na mpishi mwenye sifa?

Chini ya MLC, mkataba wa kazi za mabaharia, meli ambayo hati yake ya idadi ya chini ya mabaharia inataka mabaharia wasiofika 10 inaweza kuruhusiwa kutokuwa na mpishi mwenye sifa kamili, lakini anayeshika chakula lazima afundishwe usafi na utunzaji wake. Kwa meli nyingine kuna kibali cha dharura: hadi bandari inayofuata inayofaa, au mwezi mmoja usiozidi.

Baharia mpya ana cheti cha nchi nyingine na uthibitisho wa bendera yetu haujatoka.

Anaweza kufanya kazi hadi miezi 3 akiwa na ushahidi melini kwamba ombi limewasilishwa. Ofisa wa redio hayumo katika unafuu huo.

Meli yetu ni ya zamani, kwa hiyo tumesamehewa boti za uokoaji za kufunikwa. Sahihi?

Hamkusamehewa. Sharti la boti zilizofunikwa lilihusu meli zilizojengwa kuanzia Julai 1986, na zenu zikaachwa zilivyo. Ni halali, na bahari haisomi mwaka wa kujengwa. El Faro ya Marekani, iliyojengwa 1975, ilikuwa na boti za wazi kwa uhalali uleule. Ilizama ndani ya kimbunga tarehe 1 Oktoba 2015 na watu wote 33 waliomo wakapotea. Mkibadilisha boti au kuifanyia meli matengenezo makubwa, viwango vipya vinaanza kuwahusu, na nahodha asiyependa kusubiri siku hiyo ana haki ya kuiandikia kampuni sasa.

Tumenunua meli yenye hati ya msamaha wa miaka mitatu mbele. Tunabadilisha bendera.

Hati hiyo imekufa na bendera yake. Ombeni upya.

Hatuvuki maili 20 kutoka nchi kavu, kwa hiyo masharti ya vifaa vya kuokolea hayatuhusu, sivyo?

Yanawahusu. Sura ya III ya SOLAS inaipa bendera uwezo wa kusamehe meli isiyovuka maili 20 ikiwa njia yake imekingwa kiasi kwamba sharti fulani halina maana wala ulazima. Bendera ndiyo inayopima, na inatoa hati. Tazameni cheti chenu cha usalama: kina mstari unaosema kama hati ya msamaha imetolewa au haikutolewa, na mkaguzi huuangalia mapema. Mstari ukisema haikutolewa, boti ya uokoaji haiondolewi melini.