Kimchi haijaoza, na kazi ya kiwandani si ya kukimbilia

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika kwenye kundi la familia. Eti huku Korea kazi ni kukatakata kabichi tu, pesa nje nje, na wewe unataka nikutafutie nafasi hiyo hiyo. Na shangazi anauliza kama kweli tunalishwa mboga zilizooza. Nimeumia, kwa hiyo nawajibu wote wawili.

Shangazi, kimchi, kile chakula cha kabichi cha Wakorea, haijaoza, imechachushwa. Kabichi ndefu ile ya Kichina inalazwa kwenye chumvi mpaka inalegea, inaoshwa, kisha kila jani linapakwa pilipili ya kusaga, kitunguu saumu, tangawizi, figili na uduvi wa chumvi. Uduvi, shangazi, kama wetu wa Tanga. Wenyeji wanaila asubuhi, mchana na usiku. Mgahawani unaletewa bure, ukimaliza unaongezewa. Nyumba nyingi zina friji ya kimchi peke yake. Zamani waliifukia ardhini ndani ya mitungi, maana baridi ikishaingia shamba halitoi kitu. Mpaka leo mwezi wa 11 ndugu na majirani wanakusanyika kuitengeneza ya msimu mzima; wanaita kimjang, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Mama mwenye nyumba wangu alinikalisha kati ya binti zake, akakunja jani lenye viungo na kunilisha kwa mkono wake. Siku ile nilijisikia mtu.

Lakini kiwandani, tunakotengeneza kimchi ya kuuza, sijisikii mtu. Sikiliza vizuri hapa. Maji ni ya barafu, chumvi inaingia kwenye mipasuko ya vidole hata ukivaa glavu mbili, na kabichi iliyolowa ni nzito ajabu. Unainama kwenye beseni mpaka kiuno kinakataa kunyooka. Msimamizi anapiga kelele "ppalli, ppalli", yaani haraka. Jina langu hajawahi kulitaja, ananiita "Afrika". Ada yako ya muhula uliopita imetoka kwenye beseni hilo. Sikusimangi, nataka ujue tu.

Kwa hiyo usije. Na huyo wakala anayekuahidi kibali cha kiwandani muogope: mpango wao wa vibali vya kazi hizo ni wa nchi za Asia kama Nepal, Vietnam na Indonesia, Tanzania hatumo. Mimi nipo kwa viza ya masomo, nafanya saa chache kwa ruhusa. Ukizidisha au ukikamatwa huna ruhusa, unaweza kurudishwa nyumbani.

Lakini chuo kikikupokea kwa ufadhili, njoo hata kesho, nitakupokea uwanja wa ndege. Anza Kikorea sasa hivi, usisubiri kufika. Ukipewa kimchi, kula, usizibe pua mbele ya mtu aliyekukaribisha. Nimeona kijana mmoja akifanya hivyo, na hakualikwa tena. Ila ikiwa imepikwa mchuzi, uliza kwanza, mara nyingi wanatia nguruwe.

Pesa ya mwezi huu itachelewa, ni wiki ya mitihani na sijaingia kazini. Na mama asiuze kile kiwanja kwa ajili ya nauli yako. Nilishamwambia kwa simu akanyamaza. Mwambie wewe, leo.