Atichoki kwa mbegu hapa Dar: miche utaipata, matumba ndiyo kazi

Mkuu, umeuliza kama mbegu za atichoki alizokuletea shemeji kutoka Italia zitaota huko Goba, na kama utavuna. Hayo ni maswali mawili. Kuota zitaota, tena bila shida, joto letu zinalipenda. Kuvuna ni habari nyingine, na anayekwambia "wewe mwagilia tu" hajawahi kulima kitu hiki pwani.

Atichoki ni jamii moja na alizeti. Kile kichwa cha kijani kinacholiwa ni tumba la ua ambalo halijafunguka, kwa hiyo mmea usipofikiria kutoa ua, huna chakula. Asili yake ni nchi za Mediterania, na aina nyingi hazitoi tumba mpaka zipigwe na baridi: saa 250 au zaidi chini ya nyuzi 10. Sasa niambie, nyuzi 10 Goba utazitoa wapi? Hata Julai, kusi ikivuma na watu wakitoa masweta kabatini, usiku tunashuka mpaka 18 au 19 hivi, basi. Ndiyo maana nina mashina Mbezi yananifika kiunoni, majani ya kijivu yamejaa, wageni wanayasifia, na mengi hayajatoa kitu.

Kwa hiyo kabla hujachimba shimo, soma pakiti. Kama imeandikwa Imperial Star, una bahati. Hiyo ilizalishwa California makusudi ipandwe kwa mbegu na kuvunwa mwaka wa kwanza, na haidai baridi nyingi. Green Globe ni ya zamani na inadai baridi kweli. Aina za kienyeji za Italia nazo mimi siziwekei matumaini hapa pwani.

Hiyo baridi unaweza kuidanganyia kwenye friji. Loweka mbegu usiku kucha, zichanganye na mchanga mbichi kwenye kopo lenye mfuniko, ziache ndani ya nyumba mpaka zianze kutoa ncha nyeupe. Hapo ndipo unaziingiza friji, sehemu ya mboga, si friza, zikae wiki nne hivi. Mchanga usikauke wala usitote. Na watu wa nyumbani waambie mapema, maana kopo la mchanga kwenye friji lina maswali yake! Mbegu kavu ukiiweka friji haisaidii kitu. Lazima iwe imeanza kuamka.

Mimi huziingiza friji mwezi wa tatu. Sababu ni kwamba joto kali linaweza kufuta kazi yote ya ile baridi, kwa hiyo nataka miche ikulie kwenye viriba wakati wa masika, halafu iingie bustanini Juni, kipupwe kikianza. Ukipanda Novemba unaipeleka moja kwa moja kwenye kaskazi, na hapo umeshafuta. Miche iweke chini ya paa au neti ya kivuli, mvua ya Aprili isiipige, la sivyo kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche, kitaimaliza shingoni. Ikifika wiki sita mpaka nane, ina majani manne au matano, ihamishe. Mbegu za atichoki hazifanani na mama yao, utaona mingine dhaifu, mingine ina miiba. Ng'oa bila huruma.

Nafasi ni mita moja kutoka shina hadi shina, usiibane, hili ni pandikizi la mmea. Mchanga wetu unapitisha maji vizuri, jambo zuri kwa sababu shina likituamiwa na maji linaoza, ila hauna chakula. Chimba kina cha ndoo, changanya samadi iliyoiva, kisha tandaza majani makavu juu. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi itaunguza. Kama unatumia kisima chenye chumvi kidogo usiogope sana. Atichoki huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Wadudu ni vidukari, wapulizie maji ya sabuni chini ya majani, na konokono, hao toka na tochi usiku uwaokote.

Tumba likitokea, usilisubiri linenepe kama yale ya picha za California. Kwenye joto magamba hufunguka haraka na kuwa magumu. Likifika ukubwa wa ngumi ya mtoto na bado limefumba, kata na kipande cha kikonyo. Chemsha na limau na chumvi, kula nyama ya chini ya kila gamba na kile kitako; zile nywele za katikati tupa.

Ningekuwa wewe, nusu ya mbegu ningempa ndugu aliye Njombe. Kule usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, huhitaji friji. Zako za Goba zikigoma kabisa, vikonyo vya majani machanga navyo huliwa: vifunge pamoja, vizungushie gunia wiki tatu hivi visipate jua, vitapungua uchungu. Menya nyuzi, chemsha, kaanga na kitunguu saumu. Jina la aina lililo kwenye pakiti ni lipi?