Unayeanza na kivinjari cha jenomu, anza na selimundu

Ukialikwa kwenye mafunzo ya vitendo ya kivinjari cha jenomu, yaani tovuti ya kutazamia jeni na mfuatano wa DNA, iwe ni Ensembl au kile cha UCSC, usiende mikono mitupu. Mazoezi utakayopewa huwa yameshapetwa kama mchele, hayana hata punje ya jiwe. Data yako haitakuwa hivyo. Nenda na swali lako mwenyewe, na kama bado huna, chukua selimundu. Ugonjwa huu hatuhitaji kusimuliwa, na kwa kuwa jibu linajulikana tangu zamani, utagundua mapema ukipotea njia.

Andika HBB, jeni ya beta-globini ambayo ni sehemu ya hemoglobini, kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapelekwa kromosomu 11, kwenye jeni fupi yenye eksoni 3, yaani vipande vinavyobaki kwenye RNA iliyokamilika. Kisha tafuta rs334, namba ya utambulisho ya badiliko la selimundu, na hapo ndipo wengi hukwama. Vitabu vinasema besi (herufi ya DNA) A imekuwa T, GAG ikawa GTG. Kivinjari kinakuonyesha T iliyogeuka kuwa A. Hakijakosea. DNA ina nyuzi mbili, A ya uzi mmoja ikikabiliana na T ya mwingine; HBB husomwa kwenye uzi wa nyuma, wakati kivinjari huandika besi za uzi wa mbele. Tena vitabu vya zamani vinasema asidi amino ya 6, kivinjari kinasema ya 7, kwa sababu kinahesabu na methionini ya mwanzo, ambayo haimo kwenye protini iliyokomaa.

Lakini kinachowaponza watu kuliko yote ni toleo la jenomu ya rejea, yaani ramani ambayo namba za nafasi huhesabiwa juu yake. Kwenye GRCh38, lililotoka 2013, rs334 iko nafasi ya 5,227,002. Kwenye GRCh37 la 2009, ambalo UCSC huliita hg19, iko 5,248,232. Tofauti inazidi besi 21,000. Makala nyingi, na data nyingi zilizomo kwenye kompyuta za maabara zetu, bado ni za GRCh37. Ukichukua namba ya zamani ukaibandika kwenye dirisha la toleo jipya, kivinjari hakitalalamika. Kitakupeleka kwingine na kukuchorea vizuri kabisa, nawe utaanza kuandika maelezo. Kwa hiyo toleo liandike kwenye daftari, kwenye jina la faili, hata kwenye picha unayoihifadhi. Kuhamisha namba kutoka toleo moja hadi jingine kuna zana zake, liftOver ikiwemo. Usikisie kwa kutoa na kujumlisha, kwa sababu tofauti haiko sawa kila mahali.

Faili za BED (orodha za maeneo ya jenomu) nazo huhesabu kuanzia 0, za VCF (orodha za mabadiliko ya DNA) kuanzia 1. Matokeo yako yote yakisogea kwa besi moja, anza kutafuta hapo.

Ukifika kwenye VEP, zana ya Ensembl ya kukadiria athari za mabadiliko, utaona badiliko moja limepewa athari tofauti kulingana na transkripti, yaani nakala mojawapo ya RNA ya jeni. Kuna kishawishi cha kuchagua athari kubwa kuliko zote kwa kuwa inapendeza kwenye ripoti. Anza na transkripti yenye alama ya MANE Select, iliyokubaliwa kuwa wakilishi wa jeni hiyo, na ukichagua nyingine, eleza sababu.

Angalia pia jedwali la watu, linaloonyesha badiliko limeenea kiasi gani katika kila kundi. Mradi wa 1000 Genomes, uliosoma jenomu za watu wa makundi mbalimbali duniani, una Waluhya wa Webuye, Kenya, na Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Kila kundi ni la watu kama mia hivi. Ukiandika kwamba hiyo ndiyo hali ya "Afrika", au hata ya Tanzania nzima, anayepitia makala yako atakuwa na haki ya kukurudishia.

Kuhusu intaneti, zima safu za taarifa usizozihitaji na usifungue kromosomu nzima kwa mkupuo. Data za wagonjwa usizipakie kwenye seva za nje kwa sababu tu ya kuona mchoro. Weka IGV, kivinjari cha jenomu kisichohitaji tovuti, kwenye kompyuta yako, pakua jenomu ya rejea ukiwa bado na mtandao mzuri, kisha fungua faili za BAM, zenye vipande vya DNA vilivyopangwa juu ya jenomu hiyo, papo hapo. Hata mtandao ukikatika katikati ya zoezi, utaendelea na kazi.