Maswali na majibu: virusi na kompyuta ya nyumbani

Natumia Windows. Rafiki yangu anasema Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, haitoshi. Ninunue antivairasi nyingine zifanye kazi pamoja?

Pamoja, hapana. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila antivairasi hutaka kulikagua faili kabla halijafunguka, na zikiwa mbili zitagombania faili hilohilo huku mashine ikitambaa. Windows yenyewe inalijua hilo: ukisakinisha nyingine, Defender hujiweka kando. Kwa matumizi ya nyumbani naona Defender inatosha, mradi imewashwa na inasasishwa. Hela hiyo nunulia diski ya nje. Sababu utaiona kwenye swali la mwisho.

Ujumbe wa kusasisha unanikera, nimeuahirisha miezi kadhaa. Kuna ubaya gani ikiwa sibofyi vitu ovyo?

Si kila kirusi husubiri ubofye. WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, ilipozuka tarehe 12 Mei 2017 ilipitia tundu lililokuwa kwenye sehemu ya Windows ya kushirikiana mafaili, ikaruka yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Ilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kila moja ikidaiwa dola 300 kwa Bitcoin, sarafu ya mtandaoni, kwa kuanzia. Kinachouma ni kwamba kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, Microsoft ilikuwa imekitoa tangu tarehe 14 Machi. Waliokumbwa wengi walikuwa wameahirisha, kama wewe.

Ukiwa bado kwenye Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hamia Windows 11, au kama mashine haiimudu, weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta.

Kijana wangu alipakua bure mchezo ambao kwa kawaida hulipiwa. Maelekezo yalisema azime antivairasi kwanza kwa kuwa "hulalamika bila sababu". Akazima. Sasa mtu ameingia kwenye akaunti yangu ya barua pepe, na nywila yangu ni ndefu kweli. Imewezekanaje?

Mgeni anayekuambia umfukuze mlinzi kabla hajaingia, wewe ungemfungulia? Usimgombeze sana kijana. Watu wazima wanafanya hivyohivyo kila siku wakitafuta programu za ofisi za bure.

Urefu wa nywila haukusaidia kwa sababu hakuna aliyeibashiri. Programu za wizi wa aina hii huchota nywila ulizozihifadhi kwenye kivinjari, na pamoja nazo vidakuzi, yaani vile vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umekwisha kuingia. Mwenye kidakuzi chako anaweza kupita bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu.

Kwa hiyo chomoa kompyuta kwenye intaneti. Chukua kifaa kingine, na hapa ndipo wengi wanakosea: ukibadili nywila kwenye mashine ileile yenye ugonjwa, unamkabidhi mwizi hiyo nywila mpya. Anza na barua pepe, maana ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote, kisha benki. Kwenye kila akaunti tafuta sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Hapo vidakuzi vilivyoibwa vinakufa. Halafu rudi kwenye kompyuta, uendeshe ule ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijaamka. Mimi nisingeishia hapo. Ningeokoa picha na nyaraka, nikafuta diski na kuweka Windows upya, kisha nikampa kijana akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi.

Skrini imejaa onyo jekundu, king'ora kinalia, kuna namba ya simu nipige.

Usipige. Huo ni ukurasa wa tovuti tu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kwenye orodha ya programu itakayofunguka chagua kivinjari, ukifunge. Kikiuliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Mafaili yangu yote yamebadilika majina na hayafunguki. Wanataka pesa. Nilipe?

Usilipe. Hakuna kinachowalazimisha kukupa ufunguo baada ya kupokea hela. Ukitumia kompyuta nyingine, tembelea No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Unapeleka sampuli ya faili lililofungwa. Kama aina hiyo imeshapatiwa ufunguo, unapewa bure. Kama bado, usiyafute mafaili hayo. Funguo nyingine hupatikana baadaye, wahusika wakishakamatwa.

Na ile diski ya nje: nakili humo picha na nyaraka, kisha ichomoe. Nasisitiza kuchomoa. Nami niliwahi kuiacha yangu imechomekwa wiki nzima kwa uvivu, na siku ile kirusi kilipoingia kiliifunga pamoja na mengine yote.