Msisubiri mvua ndo mkumbuke madirisha

Juzi dada mmoja wa Mbweni kanitumia meseji, kajenga kwa jasho lake kama wengi wetu humu, anasema mvua ikija na upepo tu sebule inajaa maji chini ya dirisha, fundi keshaitwa mara kibao na kila akija anapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, anachukua hela yake anaondoka, mvua ikirudi maji yako palepale. Ananiuliza anunue silikoni gani. Nikamjibu asinunue yoyote kwanza, achukue kikombe cha maji. Naandika jibu lote hapa kwa sababu mnaouliza hili swali ni wengi na wote mnauliza mvua zikiwa zishaanza.

Mimi nakaa Kigamboni, si mbali na bahari. Nyumba tulihamia haina silingi bodi wala tailizi lakini madirisha nilisema lazima yawe ya maana, alminiamu ya kuslaidi, hela ya kikoba changu yote ikaishia pale. Masika ya kwanza tu maji yakaingia vyumba viwili, magodoro yakalowa, lipu chini ya dirisha ikaanza kuvimba na kubanduka. Nikamwita fundi aliyeyafunga, akaja akaangalia kwa mbali, nikamuuliza maji yanapita wapi, akanijibu mbele ya wageni wangu "mama haya ni mambo ya mafundi, wewe hangaika na jiko". Nasema ukweli hilo neno mpaka leo linaniuma. Hela nililipa mimi, nyumba ni yangu, maji nakinga mimi na ndoo usiku, halafu naambiwa nihangaike na jiko. Akazungusha silikoni dirisha zima kwa nje akaondoka, na mvua iliyofuata maji yakaingia mengi kuliko mwanzo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa siku nyingi, hana hata kibao cha biashara. Alichuchumaa nje ya dirisha akapapasa chini ya fremu kwa kidole, akaomba kisu chembamba cha jikoni, akakata silikoni sehemu mbili tu. Jamani, yalitoka maji meusi yenye tope na mabawa ya kumbikumbi, yanachuruzika ukutani mpaka yakaisha. Akaniambia njoo uone, na mimi nikachuchumaa nikaona.

Reli ya chini ya dirisha la kuslaidi imetengenezwa ipokee maji. Mvua ya upepo lazima ipenye kidogo kwenye raba na yale manyoya ya pembeni, inaangukia kwenye reli, halafu inatoka nje kwa vitundu vidogo vilivyotobolewa upande wa nje wa fremu. Vitundu vikiziba reli inajaa, ikijaa maji yanavuka ukingo wa ndani yanamwagika sebuleni. Na vinaziba kirahisi mno, vumbi la kiangazi, nywele, rangi ya mpaka rangi asiye makini, saruji ya mpiga lipu, na hao kumbikumbi wanaofuata taa halafu wanaacha mabawa yao yote kwenye reli. Fundi akipaka silikoni juu ya vitundu ndo kamaliza kabisa, maji hayana njia nyingine zaidi ya kuja ndani kwako.

Kwa hiyo kikombe cha maji. Mimina taratibu kwenye reli halafu toka nje uangalie. Yakitoka haraka kwa nje, dirisha lako ni zima. Yakisimama, toa uchafu kwa brashi ya zamani ya mswaki, zibua kwa waya mwembamba, mimina tena. Nusu ya "silikoni imekwisha" mnazoambiwa na mafundi ni hivyo vitundu, naomba mnielewe hapo.

Tangu siku ile mimi nakagua mwenyewe kabla ya masika na kabla ya vuli, yani mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, wakati kukavu na silikoni ikihitajika inashika vizuri. Ukuta ukiwa umelowa usikubali mtu akupakie silikoni, itabanduka. Shemeji yangu aliwahi kunikuta juu ya ngazi akasema kwenye grupu la familia kwamba siku hizi nimekuwa fundi alminiamu. Sawa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika upande wa Mafia, Dar tukapigwa upepo na mvua mpaka boti za Zanzibar zikasimamishwa, asubuhi nilipita dirisha moja moja nikipapasa chini kwa kiganja, kukavu kote. Aliyenipigia simu kuniomba namba ya yule mzee ni shemeji huyohuyo. Nilimpa, sikusema kitu, ila nilifurahi na sioni aibu kusema nilifurahi.

Tunaokaa karibu na bahari tuna kazi ya ziada. Chumvi haionekani lakini ipo kwenye kila fremu, na kwenye skrubu ndo balaa, ukiona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu ujue ya chuma cha kawaida imekutana na alminiamu na chumvi, vinalana. Badilisha weka za stenlesi. Fremu zioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni ya kawaida, msisugue kwa steliwaya, mnaondoa ile ngozi inayolinda alminiamu halafu mnalalamika fremu imepauka. Na reli ikiwa ngumu msitie grisi wala mafuta ya kula, inashika vumbi inakuwa gundi. Safisha, kausha, pitisha mshumaa mkavu juu ya reli, dirisha litateleza.

Grili nazo tunazisahau. Angalia pale nondo inapoingia ukutani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma lipu mpaka inapasuka, na kwenye ufa huo maji yanaingia unahangaika kulaumu dirisha ambalo halina kosa. Kwaruza, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu kwanza ndo uje na rangi unayoipenda.

Nyavu za mbu mshike kwa mkono msiangalie kwa macho tu. Jua linazichosha, ukibonyeza kidogo inachanika kwenye kona. Mvua ikipita mbu wanazaliana, na huyo wa malaria anakuja usiku, tundu dogo la kona linamtosha. Kipande cha wavu bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mtoto kulazwa.

Wenye madirisha ya mbao mimi sina uzoefu wa kwangu, ila nyumbani kwa wazazi Tanga yapo ya mninga, na baba kila kiangazi alikuwa anagonga fremu kwa nyuma ya bisibisi, ikilia kama boksi tupu mchwa wameshaingia. Ikiwa inakwama wakati wa mvua usikimbilie randa, mbao imenyonya maji, subiri ikauke halafu paka rangi vizuri na kingo za juu na chini, huko ndo wapaka rangi wanaruka.

Ndugu zangu, tunaweka hela kwenye makochi na tivii kubwa, halafu kitu kinachozuia maji, mbu na wezi tunakiachia fundi ambaye hatumsimamii. Tubadilike. Usimlipe mtu mpaka umemimina maji mbele yake na umeyaona yakitoka nje. Atanuna, anune.

Na ukiwa unakagua, fungua ile grili ya dharura kama unayo, na kama huna mwite mchomeleaji akutengenezee moja kwenye chumba cha kulala, kwa sababu moto ukiwa mlangoni nyumba yenye grili za kudumu kila dirisha haina pa kutokea. Kufuli tia mafuta, jaribu kulifungua kweli, usiseme tu linafunguka. Ufunguo utundikwe ndani, mbali na mkono wa mwizi wa dirishani lakini mahali ambapo hata dada wa kazi na mtoto mkubwa wanapajua, usikae kwenye mkoba wako unaoondoka nao asubuhi.