Maswali ya Wasomaji: Umeacha Keki, na Soda Je?

SWALI: Kila Desemba mimi huapa kwamba sitagusa keki, biskuti, peremende wala aiskrimu hadi mwaka mpya. Krismasi haijafika nimeshaanguka, na uzito unapanda vilevile. Nakosea wapi? – Dada wa Umoja

JIBU: Itazame tena orodha yako, dada. Imejaa vya kutafunwa; cha kunywa hakimo hata kimoja. Fanya hesabu. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni vijiko tisa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi za sukari (kilichojaa kilele huzidi hapo sana), kwa hiyo umeshafika gramu 36. Ongeza soda ya kola ya mililita 300, takriban gramu 32, na unakaribia 70 kabla ya kuonja keki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku: kama gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000. Ikishuka chini ya 25, bora zaidi. Kipande cha keki isiyo na aisingi, cha gramu 60, hubeba gramu 18 hivi. Huyo ndiye adui uliyemwapia.

Tena sukari ya kunywa haishibishi. Aliyekula keki mbili huenda akaacha chapati moja. Aliyekunywa soda hupakua kama kawaida.

Basi anzia kwenye sufuria ya chai. Nyumba nyingi humwaga sukari humo humo kisha chai ikaenda kwenye thamosi, na kila anayemiminiwa hunywa kipimo cha mpishi. Pika chai bila sukari, bakuli likae mezani, na wewe upunguze nusu kijiko kila wiki. Ukianza wiki ya kwanza ya Desemba na vijiko vitatu, mwaka mpya utakukuta na kimoja, na ulimi utakuwa umezoea. Iliki na tangawizi husaidia. Tangawizi mbichi ichemke kwanza kwenye maji kwa dakika kadhaa, ndipo utie maziwa; ukiitia kwenye maziwa ya vuguvugu yatakatika.

Usiache chai yenyewe siku unayopunguza sukari. Mtu aliyezoea kafeini akiikata ghafla huumwa kichwa ndani ya siku moja au mbili, akadhani ni mwili unalilia sukari, akarudi kwenye soda.

SWALI: Nikipunguza sukari kwenye keki na mahamri, wageni huniuliza kama nimepika mkate. Nipunguze kiasi gani? – Mama wa watatu, South C

JIBU: Kwenye keki, mama, punguza robo. Kama kipimo chako ni gramu 250 za unga, 250 za siagi na 250 za sukari, shusha sukari hadi 190. Wengi hawatagundua, hasa ukiongeza ganda la chungwa lililokunwa na vanila. Ukikata nusu utaona matatizo, maana sukari haileti utamu pekee: inapopigwa na siagi hunasa hewa, hushika unyevu na huipa keki rangi. Bila hiyo keki hukauka upesi, hupauka na kuwa ngumu. Aisingi nayo ni sukari ya unga na siagi basi. Kuiacha mara nyingi hupunguza sukari kuliko hesabu zote za kwenye bakuli.

Mahamri yanavumilia zaidi. Kwa kilo moja ya unga, kama huweka gramu 150, jaribu 80 na uache tui zito na kijiko cha chai cha iliki vifanye kazi. Hamira haitalalamika, sukari nyingi ndiyo huichelewesha kuumua. Kosa la kawaida hutokea kwenye karai. Donge lenye sukari kidogo huchelewa kubadilika rangi, mpishi akangoja wekundu aliouzoea, na mahamri yakatoka makavu. Yaopoe yakiwa ya dhahabu hafifu.

SWALI: Nikitumia asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe? – Msomaji, Kayole

JIBU: Zihesabu vilevile, zote ni sukari. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu.

SWALI: Watoto wako nyumbani likizo nzima. Nimewakataza soda, sasa nawasagia juisi ya maembe asubuhi na jioni. Nimefanya vyema? – Baba, Kasarani

JIBU: Umewatoa kwenye soda, hilo tunalipongeza. Lakini embe likishasagwa na kuchujwa, sukari yake huhesabiwa pamoja na ile ya kuongezwa, na bilauri moja humeza maembe mawili au matatu ambayo mtoto asingeyamaliza kwa kuyatafuna. Desemba maembe ya Makueni na Machakos yamejaa sokoni: wakatie, wale na nyuzi zake. Kiu iwe ya maji.

Kwa meno, ndugu, idadi ya mara ina uzito kuliko wingi. Kila sukari ikiingia kinywani, bakteria huigeuza asidi, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Peremende tano baada ya chakula cha mchana zina nafuu kuliko tano zilizofyonzwa toka asubuhi hadi jioni.

SWALI: Mama yangu ana kisukari na hudungwa insulini. Krismasi tunakwenda naye mashambani. Ameamua kuacha sukari kabisa na kupunguza pia ugali na chapati. Ni salama? – Binti yake, Eastleigh

JIBU: Nia ni njema, lakini kipimo cha insulini kilipangwa kulingana na chakula anachokula sasa. Akipunguza wanga bila kliniki kurekebisha dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Nendeni kliniki kabla ya safari. Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo nyama au maharagwe, robo chapati au pilau. Si vyote viwili.

Hatari kubwa ya sherehe ni chakula kuchelewa. Nyama iko motoni, mnaambiwa saa saba, mnakula saa kumi. Kama insulini yake ni ile ya haraka ya kabla ya mlo, asidungwe mpaka sahani iwe mbele yake.

Akitetemeka, akitoka jasho au akianza kuchanganyikiwa, mpimeni. Chini ya 4.0 mmol/L, apewe gramu 15 za sukari: vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300. Hapa soda isiyo na sukari haina kazi, na keki haifai kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pimeni tena baada ya dakika 15, mrudie kama haijapanda, kisha ale. Akizirai msimtie kitu mdomoni; hospitali moja kwa moja.

Njiani insulini ikae mkononi mwenu, si kwenye buti la gari linalochomwa na jua. Kama huko hakuna friji, iwekeni kwenye mfuko usiopenya maji, ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Beba na vipande vya kupimia sukari vya akiba, maana maduka ya dawa ya vijijini hufungwa mapema siku hizo.